Shingo ya Mama Somoe

Mwaka ule korosho zilipopanda bei, hata watu wasiojua kupanda baiskeli wakanunua baiskeli, Mwanaima wa Nambeya alinenepa shingo. Hakunenepa pengine. Mikono ilibaki ile ile ya jembe na miguu ile ile ya kutafuta kuni, lakini shingo ilijaa, ikafanya pingili chini ya kidevu na nyingine pembeni, chini ya masikio. Wanawake wa kijiji wakaanza kuitazama kwa jicho la kutamani. Ushirika ulikuwa umebaki jina tu, wanunuzi binafsi walikuja na malori yao mpaka uani kwa mtu, na kila nyumba ilikuwa na nyama ya kuku angalau mara moja kwa wiki. "Hiyo ndiyo shingo ya msimu," walisema, na wengine walimshika kabisa, wakaibonyeza wakicheka.

Mwanaima aliipenda shingo yake kuliko alivyokuwa tayari kukiri, na sababu alikuwa nayo. Mumewe, Fakihi, alikuwa mfanyabiashara mdogo, anapeleka ng'onda, samaki wa kukaushwa, Dar es Salaam na kurudi na mitumba. Mwaka tisini na sita alirudi na kikohozi. Akakonda, nywele zikawa laini kama za mtoto, na baada ya miezi tisa wakamzika. Msibani watu walisema ni kifua. Walipofika njiani walisema amekanyaga miwaya, yaani ana ule ugonjwa usiotajwa, na kuanzia siku hiyo kijiji kizima kikakaa kitako kusubiri zamu ya mkewe. Alipoinama kisimani kuvuta ndoo, alijua kuna macho yanayompima mifupa ya mabega. Alipopata mafua, watu walikuja kumjulia hali kabla yeye mwenyewe hajajua kwamba anaumwa. Wema wa namna hiyo unachosha kuliko matusi. Aliishi hivyo miaka mitatu, mpaka shingo ilipojaa, na wale waliokuwa wakisubiri wakakata tamaa wakaenda kutafuta jambo jingine la kusubiri.

Shingo hiyo ndiyo iliyomposesha binti yake. Somoe alikuwa mtoto wake wa pekee, msichana mrefu wa miaka kumi na minane, na Majid wa Mchinga alimtaka tangu siku alipomwona gulioni. Kizuizi kilikuwa mama yake Majid. Mama Majid hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na tabia ya kusema mbele ya mtu yale ambayo wenzake huyasema nyuma yake. Alikuja mwenyewe Nambeya, akakaribishwa mkeka, akakaa, akamtazama Mwanaima shingoni kwa muda bila haya.

"Mwenzangu, nilikuwa na wasiwasi na nyumba hii, sikufichi," alisema. "Baba yake alivyokufa tunajua. Lakini mama mwenye shingo kama hiyo hana kitu. Majid na aoe."

Mwanaima alicheka, akamtengea chai. Baadaye, alipobaki peke yake jikoni, alilia kwa furaha.

Shingo hiyo hiyo ndiyo iliyompa cheo. Huko kwao, unyago ukikaribia, kila nyumba yenye msichana wa kuchezwa hutoa nafaka, na nafaka yote huwekwa kwa mwanamke mmoja, juu ya dari ya jiko lake, ili moshi ufukuze wadudu. Huyo mwanamke hachaguliwi hivi hivi. Sharti awe mtu mzima, hana mume wa kumtawala, na awe ameshiba, kwa sababu wanasema mwenye njaa hawezi kulala chini ya chakula cha wenzake asikiguse. Binti Nurdin, bibi mkuu wa unyago, alimtazama Mwanaima akasema, "Huyu hapa ameshiba mpaka shingoni." Magunia yakapandishwa.

Halafu bei ikaanguka. Msimu wa mwaka elfu mbili malori yalikuja machache, na msimu uliofuata walikuja walanguzi wawili tu, wakataja bei ya kumtia mtu kichaa, wakaondoka. Korosho zilibaki ndani zikiota ukungu. Mvua nazo zikachelewa. Unyago ukaahirishwa mara ya kwanza, ukaahirishwa mara ya pili, na nafaka ikaendelea kukaa juu ya dari kwa Mwanaima wakati nyumba nyingine zinachemsha ming'oko, mizizi ya porini ya wakati wa njaa. Waliokuja kuomba wakopeshwe kibaba kimoja aliwarudisha, maana ndiyo kazi aliyopewa. Yeye mwenyewe alikula ming'oko kama wao. Alikonda mikono, alikonda kifua, nguo zikawa zinamzunguka, lakini kwa kuwa alijifunga kanga mbili kutwa, hakuna aliyeyaona hayo. Kilichoonekana ni uso na shingo, na shingo ilikuwa inaongezeka.

Siku walipoteremsha magunia kuyapima upya, mtama ulipungua madebe mawili. Mdudu dumuzi alikuwa amefanya kazi yake. Unga wa vumbi ulikuwa umejaa chini ya magunia na kila mtu aliuona. Huenda jambo lingeishia hapo. Lakini alikuwepo Valeria, Mmakonde aliyeolewa pale kijijini, mtani wa wote, ambaye mdomo wake haukupata kulala. Valeria alimwendea Mwanaima, akamshika kidevu, akamwinua uso.

"Mnahangaika na dumuzi wa nini?" alisema. "Mtama wenu huu hapa. Bonyezeni muone kama hautoki!"

Wanawake waliangua kicheko. Mwanaima naye alicheka. Kisha kicheko kikaisha, na wakabaki wanamtazama shingoni, kila mmoja na mishipa yake ya shingo imetoka kwa njaa. Mwanaima akaona waziwazi wazo linavyoingia vichwani mwao. Mtani alikuwa ameondoka na utani wake, akaliacha neno lenyewe pale uwanjani.

Kwa mwezi mzima baada ya siku ile, mtu aliyemwamkia Mwanaima alimwamkia shingo. Watoto walimwita Bibi Debe. Mama Majid alileta ujumbe kwamba mambo ya arusi yasubiri kidogo, hana haraka. Somoe alirudi kutoka kisimani siku moja amechanika blauzi kwa kupigana, na hakutaka kusema ni kwa sababu gani. Mwanaima aliichukua blauzi akaishona.

Ndipo mdogo wake, Mwanasha, alipokuja kumtembelea akitokea Lindi. Mwanasha alikuwa amepanga chumba Mitwero, nje kidogo ya mji, na alifanya usafi katika zahanati moja ya binafsi mjini. Kila mwisho wa mwezi alikuja pale daktari kutoka Dar es Salaam, Dakta Jerome, kupasua mabusha na ngiri. Alikuwa mtu wa maneno mengi akiwa ananawa mikono, na siku moja aliwasimulia kwamba huko Dar wapo wake za wakubwa wanaomlipa atoe mafuta ya shingoni. Anatoboa tundu dogo chini ya kidevu, anapitisha mpira mwembamba, mashine inavuta. Mtu anaingia na videvu viwili anatoka na kimoja.

"Inavutwa kama nini?" Mwanaima aliuliza.

"Kama unavyofyonza ute wa dafu, dada. Nimemuuliza kama shingo yako inawezekana. Amesema mpaka aione."

Mwanaima hakujibu siku hiyo, wala iliyofuata. Kwa nje lilionekana jambo jepesi: shingo imemletea balaa, na iondoke. Lakini yeye alikuwa anajua kilichomo upande wa pili. Shingo ikipungua, Nambeya watasema nini? Hawatasema Mwanaima hakuiba. Watasema, aha, zamu yake imefika. Yale macho ya kisimani yatarudi, na Mama Majid atakuja tena kukaa juu ya mkeka. Akiwa na shingo yeye ni mwizi. Asipokuwa nayo yeye ni mgonjwa. Alilipima hilo akipepeta, akalipima akichimba ming'oko. Akamuuliza Mwanasha kama huyo daktari anaweza kuvuta nusu na kuacha nusu, na Mwanasha akamtazama kwa huruma, akasema hajui.

Mwishowe alipiga moyo konde akaenda, kwa ahadi kwamba anakwenda kuuliza tu.

Dakta Jerome alimkalisha kwenye kiti kilichokuwa karibu na dirisha, akamwambia avue kanga ya juu. Alikuwa akiongea na muuguzi kuhusu barabara ya Rufiji. Aliweka vidole chini ya sikio la Mwanaima, na maneno yakamwishia. Akabonyeza, akashuka, akabonyeza tena, akahamia upande wa pili. Kisha akamwangalia mabega, mikono, akamwambia afungue kinywa.

"Mama, nani alikwambia haya ni mafuta?"

"Watu wote."

"Mafuta hayahesabiki kwa kidole. Haya nayahesabu. Moja, mbili, tatu, haya hapa yameshikana. Ni matezi yamevimba." Alivuta kiti akakaa mbele yake, na sauti yake ikawa ya chini. "Mumeo yuko wapi?"

Alipoambiwa mumewe alikufa na alikufaje, hakuuliza tena. Alikata kipande kidogo cha tezi, akafunga bandeji chini ya kidevu, akamwandikia barua ya kwenda hospitali ya mkoa kupimwa damu. Mwanaima alikaa Mitwero wiki mbili akisubiri, na majibu yalipokuja yalikuwa mawili. Matezi yalikuwa na kifua kikuu, na hicho kina dawa, bure: vidonge kila asubuhi mbele ya muuguzi, miezi minane. Damu nayo ilikuwa na kile alichokuwa nacho Fakihi, na hicho, miaka ile, mtu wa Lindi hakuwa na dawa yake. Aliuliza kitu kimoja tu, kuhusu Somoe. Muuguzi alihesabu miaka, akamwambia mtoto alizaliwa zamani, akalelewa mzima, hana anachodaiwa na ugonjwa huu.

Kwa hiyo ile shingo iliyomtetea miaka yote ndiyo ilikuwa ugonjwa wenyewe. Watu wa Nambeya wanajua dalili ya tezi kwa mtoto, wanajua bandama, wanajua safura kwa kutazama viganja. Lakini ulikuwa mwaka wa neema, wote walikuwa wanaona shibe kila mahali, na shingo yenye pingili kwao ni uzuri tangu enzi za mababu. Wakamshika matezi na kumpongeza. Mwanaima alipolifikiria hilo alihisi hasira ambayo hakujua aielekeze kwa nani, maana na yeye mwenyewe alikuwa akijitazama kwenye kioo na kumshukuru Mungu.

Mwanasha aliona njia nyeupe. "Basi waambie unaumwa, dada. Cheti hiki hapa. Hukuiba, unaumwa. Watakuomba radhi kwa magoti."

"Wataniomba radhi, halafu?"

"Halafu basi."

"Halafu Mama Majid atamchukua mwanawe. Na baada yake hakuna atakayekuja. Mwanangu atazeekea nyumbani na jina la baba yake na mama yake."

"Kifua kikuu si—"

"Mwanasha. Wewe ulisema nini Fakihi alipokufa na kifua?"

Mwanasha alikumbuka, akakikunja kile cheti.

Walibaki wamekaa ukumbini, mchana, mlango wazi, jirani anafua nje. Mwanaima alikuwa anagusagusa bandeji yake. Kisha akasema, taratibu, kana kwamba anahesabu mishono, kwamba matezi yatanywea kwa hizo dawa. Shingo itapungua, atake asitake. Na kila mtu Nambeya ataiona, na itabidi iwe na sababu. Basi iwe sababu ambayo watu wanaweza kuicheka. Mwizi akilipa husamehewa, na mwanamke mpenda urembo hutukanwa tu. Mgonjwa wa ugonjwa ule ndiye asiyekuwa na pa kwenda.

"Utajisingizia wizi?" Mwanasha aliuliza.

"Wameshanisingizia wao. Mimi nitaitikia."

Uongo huo ulihitaji gharama ili uaminike. Nani angesadiki kwamba mashine ya Dar inamvuta mtu bure? Mwanaima aliuza mikorosho ya Fakihi, shamba zima, ile aliyoipanda akiwa kijana mbichi kabla hata ya kuoa, ambayo wote walijua kwamba ni ya Somoe. Mwaka ule mikorosho haikuwa na thamani ya maana. Alichopata kilitosha kununua mtama wa fidia, na kukaa Mitwero kwa miezi ya dawa, mbali na zahanati ya Nambeya ambako mganga wake alikuwa shemeji wa Mama Majid.

Siku aliyokwenda kusema, Binti Nurdin aliwakusanya wanawake uani kwake saa nne asubuhi. Mama Majid alikuja kutoka Mchinga kwa ajili hiyo. Mwanaima alisimama na bandeji yake shingoni, mpya, maana alikuwa ameibadilisha asubuhi ile ionekane vizuri.

"Nilikula," alisema.

"Ulikula nini?" Binti Nurdin aliuliza.

"Mtama. Nilikuwa napika uji alasiri, nafunga mlango."

Walitaka kujua zaidi. Uji wa nini, wa chumvi au wa sukari? Sukari alipata wapi? Mtoto alikuwa anajua? Aliwajibu yote. Mtoto hakujua, alikuwa akimtuma kuni. Aliwaeleza jinsi alivyokuwa anachota kwa bakuli, akirudishia makapi juu, mpaka yeye mwenyewe akauona ule uji na kuusikia harufu, yeye aliyelala miezi mingapi chini ya gunia na tumbo linamnguruma. Wanawake walikuwa wakiitikia "ehee" kila neno. Wengine walikuwa na machozi ya hasira, na walikuwa na haki. Watoto wao walilala njaa mwaka ule. Mwanaima aliwaonea huruma kweli kweli.

"Na hiyo shingoni?"

"Nilipoona aibu imezidi nikaenda kwa daktari wa mjini. Amenitoboa, akavuta mafuta kwa mpira. Bado hajamaliza, nitakaa Mitwero mpaka yaishe yote. Nimeuza mikorosho."

Kisha Valeria akang'oa jani la mpapai, akalikata lile bua lenye tundu, akaliweka kwenye shingo ya jirani yake akafyonza kwa kelele, na uani pakavunjika vicheko. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama Majid alicheka kuliko wote, akajipangusa macho kwa ncha ya kanga.

"Ama dunia imeharibika," alisema. "Ameiba mtama, akauza urithi wa mtoto, kwa ajili ya kidevu! Lakini afadhali. Mwizi ni mwizi, ila ni mzima. Mimi nilikuwa nimeanza kufikiria mengine."

Waliamua alipe madebe manne badala ya mawili, asikanyage unyago tena, wala asishike sufuria ya shughuli yoyote pale kijijini. Alikubali yote. Arusi ilifungwa mwezi wa nne. Mwanaima alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango wa choo, na wanawake waliimba nyimbo za mafumbo kuhusu mpira na mafuta ambazo hata bi arusi alizisikia. Somoe hakugeuza uso kumtazama hata mara moja.

Alimaliza vidonge. Shingo ilinywea kama daktari alivyosema, na baada ya shingo mwili uliendelea kunywea peke yake. Alikaa Mitwero kwa mdogo wake, akishona ukili. Somoe alikuja kumwona mara moja, mwaka elfu mbili na tatu, mimba yake ikiwa ya miezi saba. Alitoa shikamoo yake mlangoni, akakaa kwenye ukingo wa kiti bila kufungua mtandio.

"Ndiyo hiyo?" alisema, akiitazama shingo ya mama yake. "Imebaki mishipa tu."

"Ndiyo mtindo wa mjini," Mwanaima alijibu, akacheka.

"Baba aliipanda mikorosho ile kwa mikono yake. Majid angekuwa na pa kuanzia. Sasa tunalima shamba la watu." "Nakuuliza kitu kimoja, mama, na unijibu. Ilistahili?"

Mwanasha alikuwa jikoni, ameshika mwiko, na akatoka hatua moja mpaka mlangoni na kinywa wazi. Mwanaima alimtazama tu, na mdogo wake akarudi ndani.

"Ilistahili," alisema Mwanaima.

Somoe alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu alilolitegemea. Alisema akizaa mtoto wa kike hatampa jina la bibi yake mzaa mama kama desturi ilivyo. Atampa la Mama Majid. Alilisema hilo haraka, akiwa anatazama mlango.

"Hewala," Mwanaima alisema. "Ni jina zuri." Akapumzika, maana maneno marefu yalikuwa yanamchosha siku hizo. "Anakulisha vizuri, mama mkwe wako?"

"Ananilisha."

"Hawakusemi chochote? Pale nyumbani, hawakutazami vibaya?"

"Waniseme kwa lipi? Mimi si mwizi."

"Basi kula, mwanangu," alisema Mwanaima. "Kula mpaka ushibe."

Somoe alisimama, akavaa ndala zake, akaondoka kuwahi gari la Mchinga.